Ulimi wa Mzee Basili Watoa Ushahidi wa Uongo

Asubuhi ya Jumatatu, mbele ya sahani ya kande, Mzee Basili Tluway wa Dongobesh alifikia uamuzi mzito: mkwewe alikuwa anamtilia kitu kwenye chakula.

Hakuufikia uamuzi huo kwa pupa. Alikuwa ametafuna vijiko viwili vizima, akasogeza punje upande wa kushoto wa kinywa, kisha upande wa kulia, kama hakimu anayehoji mtu mkaidi. Jibu lilikuwa lile lile. Mahindi yalikuwa na ladha ya misumari. Maharage yalikuwa na ladha ya misumari iliyolowekwa usiku kucha. Na nyuma kabisa, karibu na koo, kulikuwa na kitu kingine ambacho alikitambua papo hapo: mafuta ya taa.

Ni lazima ielezwe ulimi huo ulikuwa ulimi wa namna gani. Kwa miaka ishirini na tisa Mzee Basili alikuwa mpishi mkuu wa shule moja ya bweni ya wavulana. Wakuu wa shule walikuja na kuhamishwa, watano kwa jumla, ulimi wa mpishi ukabaki. Ungemfumba macho na kumpa punje moja ya haragwe, angekuambia limetoka shamba la mlimani au la bondeni, na aliyelichemsha alikuwa na haraka ya kwenda wapi. Binadamu wanaweza kudanganya, alikuwa akisema, hata barua ya serikali inaweza kukosewa, lakini ulimi wake haujawahi.

Sasa, kila mhula, wavulana wa shule hiyo walikuwa na shitaka moja tu dhidi yake. Walisema anatia mafuta ya taa kwenye maharage ili wasiwaze wasichana wa shule ya jirani. Ushahidi haukupatikana kamwe, na wasichana waliendelea kuwazwa kwa bidii. Hata hivyo Mzee Basili alilichukulia shitaka kwa uzito wake. Siku ya kwanza ya mhula alisimama mbele ya wavulana mia nne na sahani iliyochotwa katika sufuria yao, akala mpaka mwisho, akalamba kijiko, akatangaza: "Mpishi anayeogopa kula chakula chake, akamatwe!" Wavulana walipiga makofi, wakaenda kula, na wiki ya pili uvumi ukaanza upya.

Ndiyo maana sasa moyo wake ulishtuka. Qamara, mkwewe, alikuwa ameacha kuonja.

Katika nyumba ile, anayempelekea mzee chakula au pombe huonja kwanza mbele yake. Hana haja ya kusema lolote. Anachota kidogo kwenye sahani ile ile, anameza, ndipo anaisogeza. Maana yake kila mtu anaijua: kilichomo humu, kimo na tumboni mwangu. Tangu mwanawe Gidion alipomleta Qamara kutoka kwa wafugaji wa Dirma, miaka sita iliyopita, binti huyo hakukosa kuonja hata siku moja. Hata siku ya msiba wa mama mkwe wake alionja, machozi yakidondokea mchuzi. Na sasa, tangu waliporudi kutoka Moshi, anaweka sahani kwenye kigoda, anapiga goti, anasema, "Karibu chakula, Baba," kisha anarudi kinyumenyume, haraka, khanga mdomoni.

Khanga mdomoni! Mtu asiye na hatia anaficha mdomo wa nini?

Moshi walikwenda kwa ajili ya dripu. Mzee Basili alikuwa ameota vivimbe shingoni, madaktari wakasema ni saratani ya tezi, wakampangia dripu sita, moja kila baada ya wiki tatu. Tatu zilikuwa zimeingia. Vivimbe vilivyokuwa kama viazi vilikuwa sasa kama maharage, na mwenyewe alivipapasa kila asubuhi kwa fahari ya mtu anayekagua shamba lililopaliliwa. Lakini muuguzi alimtazama juu ya miwani na kumwambia neno asiloweza kulisahau.

"Mzee, una kilo hamsini na tatu. Ukirudi hapa chini ya hamsini, sikuwekei dripu. Tutakurudisha nyumbani ukale kwanza. Na hivyo vivimbe havitakusubiri, vitaota."

Baada ya hapo muuguzi alimwita Qamara pembeni ampe maelekezo ya chakula. Mzee Basili hakubaki kuyasikiliza. Mtu aliyelisha wavulana mia nne kwa miaka ishirini na tisa afundishwe kula? Alitoka nje, akaenda kunusa jiko la hospitali linapika nini.

Kwa hiyo hesabu yake ilikuwa rahisi na mbaya. Ana siku kumi na sita. Asipokula, hapati dripu. Akila, anakula sumu.

Na dalili zilizidi kujitokeza. Kwanza kijiko. Kijiko chake cha chuma, alichostaafu nacho, kilitoweka, akapewa cha plastiki cha rangi ya waridi. Pili mswaki. Aliletewa mswaki mdogo, laini kama unyoya, wenye picha ya sungura, sawasawa na ule wa mjukuu wake Glory mwenye miaka minne. Tatu, na hili lilikuwa kubwa, kila asubuhi alikuta mlangoni kikombe cha maji yenye ukungu kidogo, kimefunikwa kisahani. "Maji yako, Baba," Qamara alisema kwa mbali, akakimbia. Maji gani? Hakusema. Mzee Basili aliyaonja kwa ncha ya ulimi: chumvi, na kitu kingine kama magadi. Akayamwaga kwenye mche wa parachichi aliouotesha kwenye kopo karibu na mlango. Akafanya hivyo kila siku, kwa utaratibu, kama mtaalamu.

Siku ya nne mche ulianza kukunja majani. Siku ya sita ulikufa.

Mzee Basili alisimama mbele ya ule mche muda mrefu, kofia mkononi.

*

Mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa jirani yake Nikolausi, mjane wa miaka miwili, ambaye alijipikia mwenyewe, na matokeo yake yalijulikana kijiji kizima. Aliitwa Jumatatu ile ile ya kande.

"Hodi humu."

"Karibu. Funga mlango."

"Mchana huu, Basili? Watasema tunagawana nini?"

"Funga, bwana!"

Nikolausi alifunga. Alisikiliza kesi yote, kijiko, mswaki, maji, kutoonjwa, huku macho yake yakiwa kwenye sahani ya kande.

"Kwa hiyo unataka nifanye nini?"

"Uonje. Ulimi wangu umeshatoa ushahidi. Nataka wa pili."

"Na nikifa?"

"Utakuwa umenisaidia sana."

Nikolausi aliwaza hilo, akachota kijiko kimoja. Alifumba macho. Alitafuna polepole, kichwa kimeinama upande mmoja. Akachota cha pili.

"Kuna kitu," alisema.

"Nilijua! Kitu gani?"

"Sishiki vizuri. Kiko mbali, kinajificha. Ngoja nikifuate."

Alikifuata hadi chini ya sahani. Alikifuata pembeni kwa kidole. Aliporudisha sahani ilikuwa inang'aa.

"Haya, vipi?"

"Kimenitoroka, bwana." Nikolausi alijifuta mdomo kwa huzuni. "Itabidi nionje tena kesho. Kesho anapika nini?"

"Wewe mbona huanguki?"

"Mimi sina dripu mwilini. Nadhani hii imetengenezwa kwa mtu mwenye dripu."

Mzee Basili aliitikia kwa kichwa. Hilo lilikuwa na mantiki. Hata mbwa wake alikuwa ametupiwa vipande viwili vya nyama kwa ajili ya uchunguzi, akavimeza, akatingisha mkia na kuomba rufaa. Sumu inayochagua mtu! Huyo Qamara alikuwa mtaalamu kuliko alivyodhani.

Basi upelelezi ukaendelea. Mchana na jioni Nikolausi alipita uchochoro wa nyuma, akaketi, akaonja mpaka mwisho, akatoa taarifa. Jumanne uliletwa uji wa ulezi uliopoa, maziwa ya mgando na yai la kuchemsha. Nikolausi alionja nusu, akakunja uso: "Hapa hamna kitu, hapa nipeleleze nini?" Jumatano ikaletwa nyama ya mbuzi ya kukaanga yenye pilipili. "Aa, hapa kipo! Nakisikia kabisa!" Akatafuta mpaka ndani ya mifupa.

Mzee Basili mwenyewe alikula ndizi mbivu na biskuti alizonunua kwa Genoveva, mama wa duka la nafaka. Ndizi zilikuwa na ladha ya karatasi na biskuti zilikuwa na ladha ya sanduku la karatasi, lakini karatasi haijawahi kuua mtu. Alikula kidogo sana. Kulikuwa na sababu nyingine, ambayo hakumwambia hata Nikolausi: mdomo wake ulikuwa umechubuka ndani. Vidonda viwili chini ya ulimi, kimoja shavuni. Kila biskuti ilipita kama msasa. Sumu inafanya kazi, alijiambia.

Kilichomtisha zaidi kilikuwa uso wa Qamara. Alipokuja kuchukua sahani tupu, macho yake yalicheka juu ya khanga. Alirudi jikoni akiimba kwa sauti ya chini. Mtu gani anaimba kwa sababu sahani ya mgonjwa imerudi tupu? Na kadiri sahani zilivyorudi tupu, ndivyo pilipili ilivyozidi na nyama ilivyoongezeka. Anaongeza kipimo, Mzee Basili aliona. Anamaliza kazi.

Jumapili Gidion alipiga simu kutoka Singida, alikokuwa fundi umeme wa mradi wa visima.

"Shikamoo, Baba. Mdomo vipi?"

"Marahaba. Mdomo gani?"

"Mdomo wako. Mama Glory ameniomba nikuulize."

Mzee Basili alisogeza simu mbali na sikio, akaitazama, akairudisha.

"Na yeye anautakia nini mdomo wangu?"

"Anataka kujua tu kama una maumivu."

"Mwambie mdomo ni mzima. Mwambie umekaza kama wa ng'ombe dume."

"Sawa, Baba. Amesema unakula vizuri sana. Tumefurahi."

"Naona mmefurahi," alisema Mzee Basili, akakata.

Jumatatu alikwenda kwa Genoveva, akapanda mizani ya kupimia magunia. Genoveva aliinama kusoma.

"Hamsini, mzee. Uzito wa nusu gunia. Umekuwa mwepesi!"

"Mizani yako ina kutu," alisema, akashuka. Alijua haina.

*

Siku iliyofuata, Qamara alipopiga goti na kuweka sahani, Mzee Basili hakuigusa.

"Mama Glory."

"Abee, Baba."

"Onja."

Kuku alipita kati yao, akaona hali ilivyo, akageuka.

"Onja, mama. Kama zamani. Kidogo tu."

Qamara alikaza khanga mdomoni. Macho yake yalikuwa ardhini, kama ilivyo adabu ya mkwe kwa baba mkwe, na zaidi kwa binti aliyelelewa Dirma, ambako mkwe hamtaji baba mkwe kwa jina wala hamtazami anapotafuna.

"Nisamehe, Baba. Siwezi."

"Huwezi?"

"Siwezi." Alikohoa ndani ya khanga, mara mbili, akainuka na kuondoka karibu akikimbia.

Mzee Basili alibaki na sahani. Mpishi anayeogopa kula chakula chake. Sheria hiyo aliitunga mwenyewe, mbele ya mashahidi mia nne, na haikuwa na kifungu cha wakwe.

Nikolausi alipofika aliikuta hukumu imeshaandikwa.

"Kesho ni siku ya mnada," alisema Mzee Basili. "Akienda mnadani, naingia jikoni kwake, natafuta kikopo. Nikikipata, nampigia Gidion. Aje amrudishe kwao."

Kijiko cha Nikolausi kilisimama hewani. "Arudishwe Dirma? Kabisa?"

"Kabisa."

"Na nani atapika?"

"Apike nini? Sumu?"

"Nauliza tu." Nikolausi aliweka kijiko chini, kitendo ambacho hakuwahi kukifanya kabla sahani haijaisha. "Basili, upelelezi haukimbizwi. Mimi ningesema tuonje wiki moja zaidi. Mbili hivi."

"Wiki mbili nitakuwa kaburini."

"Basi moja."

"Wewe umenenepa," alisema Mzee Basili ghafla.

"Ni mawazo, bwana. Mimi nikiwa na mawazo navimba."

*

Baba mkwe haingii jiko la mkwewe. Kwa Mzee Basili hilo lilikuwa adhabu kubwa kuliko kustaafu, maana kwa miaka sita alikuwa amesikia harufu zikitoka mle na hakuwahi kuona hata mfuniko mmoja. Jumatano, Qamara alipotokomea njiani na kikapu, akimshika Glory mkono, Mzee Basili alivua kofia, akajiombea msamaha, akavuka kizingiti.

Jambo la kwanza, lililomuudhi, ni kwamba jiko lilikuwa safi. Sufuria zimeinamishwa kwa ukubwa. Kuni zimepangwa, kavu. Mtu wa sumu hawezi kuwa nadhifu hivi, alisema moyoni, kisha akajirekebisha: mtu wa sumu ndiye hasa anayekuwa nadhifu.

Akakiona. Juu ya rafu, kando ya pakiti ya chumvi: kikopo cha unga mweupe.

Alikishika kwa hofu na ushindi. Alikigeuza. Juu yake pameandikwa, kwa herufi za kiwandani, kwamba ni soda ya kuokea. Na nyuma ya kikopo, ukutani, palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa ugali, yenye muhuri wa hospitali. Mzee Basili alitoa miwani.

*Dawa za saratani hubadili ladha. Mgonjwa anaweza kuona chakula kina ladha ya chuma au dawa. Si kosa la chakula. Apewe kijiko cha plastiki au cha mbao.*

Kijiko cha waridi kilikuwa kwenye mfuko wa shati lake. Alikihisi pale, kikimsikiliza.

*Maji ya kusukutulia: maji lita moja yaliyochemshwa yakapoa, chumvi kijiko kimoja cha chai, soda ya kuokea kijiko kimoja cha chai. Asukutue mara nne au tano kwa siku, ateme, asimeze. Mswaki uwe laini kabisa, wa mtoto.*

Akaukumbuka mche wa parachichi. Marehemu alikuwa amesukutua kwa siku sita bila kutema.

*Nyama nyekundu ikimshinda, apewe mayai, maharage laini, maziwa. Chakula kilichopoa hakina harufu kali. Akiwa na vidonda mdomoni, asipewe pilipili, ndimu wala vitu vya moto, na aje kituo cha afya apewe dawa.* Pembeni, kwa penseli, kwa mwandiko ulioinama: *Nitajuaje kama ana vidonda? Siwezi kumwambia Baba afumbue kinywa. Nimemtuma Gidion. Amesema mzima.*

Na mstari wa mwisho ulikuwa umepigiwa penseli mara mbili, karibu karatasi ichanike. *Kinga ya mwili wake iko chini. Mwenye mafua au kikohozi asikae karibu naye bila kufunika mdomo. Asichangie naye kijiko, wala asionje kwenye sahani yake.*

Mzee Basili aliketi kwenye kigoda cha Qamara. Jambo hilo nalo lilikuwa halifanyiki.

Chini ya karatasi lilining'inia daftari kwa uzi. Alilifungua. *Jumatatu. Kande. Amemaliza yote! Asante Mungu. Jumanne. Uji uliopoa, mgando, yai. Amerudisha nusu. Havipendi, nisirudie. Jumatano. Mbuzi na pilipili. Amemaliza, hata mifupa ameitafuna. Vidonda hana, angevisikia. Nirudie.* Na hivyo hivyo siku tisa, nyama na pilipili, pilipili na nyama, kila moja na alama ya furaha. Mpaka mistari ya jana.

*Ameniambia nionje. Nimekataa, kikohozi hakijaisha. Ameniangalia kama mwizi. Anakula kuliko sisi sote lakini suruali inamdondoka. Ninakosea wapi?*

Hata mifupa ameitafuna. Mzee Basili hakuwa na jino la kutafuna hata mfupa wa njiwa.

Alikaa pale na daftari magotini. Kwa miaka ishirini na tisa aliwacheka wavulana mia nne waliosikia mafuta ya taa mahali ambapo palikuwa na maharage tu. Sasa alikuwa yeye, mzee wa miaka sitini na nane, na hata wasichana wa shule ya jirani hakuwa nao wa kusingizia.

Mwanga mlangoni ukazibwa. Qamara alikuwa amesahau mfuko wa mayai ya kuuza.

Hakuna desturi inayoeleza la kusema baba mkwe anapokutwa kwenye kigoda cha jikoni akisoma. Qamara alimsukuma Glory nje taratibu, akafunika mdomo kwa khanga.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Mzee Basili alitazama majivu, ili asimlazimishe kutazamwa. "Mama Glory, vidonda vipo. Viwili chini ya ulimi. Kimoja shavuni, upande huu."

"Tangu lini, Baba?"

"Tangu Jumamosi ile ya kwanza."

"Lakini nyama... nyama ulimaliza. Na pilipili."

"Nikolausi alimaliza."

Qamara aliinua macho kwa mara ya kwanza katika miaka sita, akayateremsha upesi.

"Nikolausi?"

"Nilimwomba aonje."

"Siku tisa, Baba?"

"Siku tisa."

"Na uji? Uji uliorudishwa?"

"Uji hakuupenda."

"Nikolausi hakuupenda," alisema Qamara polepole, kama anayesoma barua ya mwingine. Kikapu kilishuka mkononi. "Nikaacha kukupikia uji. Kwa sababu ya Nikolausi." Sauti yake ilikuwa na hasira, hasira halali, na Mzee Basili aliipokea kama mvulana aliyekamatwa nyuma ya stoo. "Ulidhani nimekutilia nini, Baba?"

Alitamani kudanganya. "Mafuta ya taa," alisema.

Mabega ya Qamara yakaanza kutikisika. Mzee Basili hakuweza kujua kama analia au anacheka, na adabu ilimkataza kuchungulia. Kisha akasikia kicheko cha puani kikimtoka nyuma ya khanga, akajua kwamba, angalau kwa sehemu, amesamehewa.

Mnada ulikwenda bila wao siku hiyo. Kituo cha afya walimtazama kinywa, wakampa dawa ya vidonda na kumgombeza. Walipompima walipata kilo arobaini na tisa. Muuguzi wa pale aliandika namba hiyo, akaipigia mstari, na mstari ule ulimuuma kuliko vidonda.

Jioni alisukutua mlangoni kwa dakika nzima, akatema mbali na kopo la marehemu. Qamara alileta sufuria ya uji wa ulezi uliopoa, uliochanganywa na maziwa ya mgando. Alimpakulia mzee kwenye sahani. Kisha, akiwa amesimama hatua tatu nyuma, alichota katika sufuria ile ile kwa kijiko chake mwenyewe, akageuka pembeni, akashusha khanga, akameza. Akarudisha khanga.

Sufuria moja, vijiko viwili. Mzee Basili akaonja.

"Uji una ladha gani, Baba?" aliuliza Qamara, penseli mkononi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumuuliza.

Mzee Basili alisikilizia kwa makini. "Misumari ipo," alisema. "Lakini michache, na iko mbali. Sukari imezidi, inakuwa kama dawa. Punguza. Maziwa ongeza."

"Yai?"

"Lete. Lakini andika: ulimi huu usiaminiwe mpaka dripu ziishe. Mimi nitasema ulimi unachosikia, wewe utaamua kama ni kweli."

Akaandika. Mzee aliacha kijiko mara mbili kwa maumivu, akakirudia, na sahani ikachukua karibu saa nzima. Mara hii iliisha kwa mdomo wake.

*

Nikolausi alichelewa siku mbili, kwa tahadhari. Ijumaa alichungulia uchochoroni.

"Hodi. Kesi imefikia wapi?"

"Karibu, shahidi," alisema Mzee Basili kwa sauti ya heshima kuu. "Leo ndiyo siku ya mwisho. Kuna supu nyepesi. Onja, tutoe hukumu."

Alimpa kikombe kilichofunikwa kisahani. Nikolausi alikipokea kwa mikono miwili, akakunywa mikupuo mitatu mikubwa kabla ulimi wake haujapeleka taarifa. Macho yakamtoka. Akatema hadi kwenye ua.

"Kuna kitu!" alipiga kelele. "Basili! Kuna kitu humu!"

"Hatimaye," alisema Mzee Basili. "Siku kumi na moja, leo ndiyo umesema ukweli."

Jikoni kulisikika mtu akikohoa kwa muda mrefu sana, kikohozi kisichofanana na kikohozi.

Jumanne iliyofuata, siku moja kabla ya dripu, wazee wawili walikwenda kwa Genoveva. Mzee Basili alivua koti na viatu, akapanda mizani, akafumba macho.

"Hamsini na moja," alisoma Genoveva. "Na nusu kidogo."

Mzee Basili hakufumbua macho mara moja. Alishika shingo yake, pale penye maharage mawili yaliyobaki, kama mtu anayeyaaga.

"Haya, na wewe panda," aliamuru.

"Mimi sisafiri," alisema Nikolausi.

"Panda."

Nikolausi alipanda. Genoveva aliinama, akasoma, akacheka. Tangu alipojipima mwezi uliopita, mzee huyo alikuwa ameongezeka kilo nne kamili.

Mzee Basili aliitazama namba ile kwa muda mrefu, kwa jicho la mtu aliyekutana na ng'ombe wake kwenye zizi la mwingine.

"Hizo," alisema, "ni zangu."

Alfajiri alipanda basi la Moshi na Qamara, kiti kimoja kitupu kati yao, chupa ya maji ya kusukutulia mapajani, mswaki wa sungura mfukoni.